Daktari Aliyefika Mlangoni

Hakwenda. Naomba tulimalize hilo kwanza, maana nimelijibu sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji, na hata nikiwa nimeshika sindano mkononi. Daktari wetu wa Kibondo hakwenda angani. Hakukanyaga mwezi, hakuizunguka dunia, wala hakuna jiwe alilorudi nalo. Alisomea udaktari Urusi, akabaki huko kwenye kituo kilichochunguza mwili wa binadamu unakuwaje ukiondolewa uzito, akachaguliwa pamoja na madaktari wengine wa kigeni kufundishwa urubani wa anga za juu. Alifundishwa miaka miwili. Zilipobaki wiki chache wakampima mara ya mwisho, wakaona kitu kidogo kwenye sikio lake la ndani, wakamtoa. Basi. Akapanda ndege ya kawaida kama watu wengine, akarudi nyumbani, na serikali ikamleta kwetu.

Nimeisema kwa ufupi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuisema kwa urefu. Ungemuuliza, angekujibu kama anayesoma cheti cha mgonjwa: vipimo hivi, matokeo haya, uamuzi huu. Watu wa Kibondo si watu wa kuachiwa hadithi nusu, kwa hiyo wakaimalizia wenyewe. Wapo walioapa kwamba alikaa huko juu mwezi mzima. Wapo waliosema ndiyo maana hatembei vizuri kwenye utelezi. Bibi mmoja wa Kasanda, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu, alimuuliza waziwazi mbele ya wadi nzima kama huko alimwona Imana, yaani Mungu. Daktari akamwambia: "Nilifika mlangoni, bibi. Wakanirudisha."

Katekista aliyekuja kuwaombea wagonjwa siku ile alinung'unika wiki nzima. Lakini bibi aliridhika. Aliwaambia wenzake kwamba mtu aliyerudishwa mlangoni pa Imana na asikasirike, huyo unaweza kumwachia mguu wako.

Mimi nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nilisimama upande wa pili wa meza yake miaka mitano, na katika miaka hiyo mitano sidhani kama ilipita wiki ambayo sikutamani kumpiga na beseni.

Tuanze na orodha zake. Kila kitu kilikuwa na orodha. Kulikuwa na orodha ya kuwasha jenereta na orodha ya kuzima jenereta. Orodha ya kuchemsha vifaa ilikuwa na mistari kumi na tisa, na mstari wa kwanza ulisema: hakikisha kuna maji. Kabla hajashika kisu, mmoja wetu alipaswa kuisoma orodha kwa sauti, mstari kwa mstari, na mwingine ajibu "tayari". Mgonjwa yuko tayari kukatwa, mtu wa nusu kaputi ameshamlaza, mvua inapiga bati hadi hamsikilizani, na wewe unapiga kelele "mikasi mitano", mwenzako anapiga kelele "tayari". Nilimwambia siku moja kwamba mikasi ni mitano tangu nilipoajiriwa na kwamba kichwa changu kinazo hesabu hizo. Akaniambia kichwa kinachoka, karatasi haichoki.

Maneno hayo aliyasema mara nyingi mno. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na alipenda kunichokoza, alianza kuyatumia nyumbani kila nikisahau chumvi.

Sasa lazima niseme habari ya gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kwa sababu nisipoisema nitakuwa namwonea. Siku moja tulimfanyia upasuaji mama mjamzito kutoka vijiji vya juu. Mtoto alitoka salama. Damu ikakata. Nikahesabu gozi tulizotumia, zikawa kumi na moja. Tulianza na kumi na mbili. Nikahesabu tena, kumi na moja. Mtu wa nusu kaputi alisema dawa inaisha nguvu, tufunge. Mimi mwenyewe nilisema pengine nilikosea mwanzoni. Daktari akaweka mikono yake juu ya kifua, akasema hafungi tumbo hadi ya kumi na mbili ipatikane. Tukatafuta kwenye ndoo, kwenye mashuka, chini ya meza, ndani ya mgonjwa. Kijasho kilinitoka hadi machoni. Dakika zilikwenda, mtu wa nusu kaputi akawa anaomba kwa sauti. Mwishowe Daktari akaniambia ninyanyue mguu. Gozi ilikuwa imeganda chini ya kiatu changu.

Hakunikaripia, na hakucheka. Alisema tu, "Sasa tunajua," akaendelea kushona. Mtu mwingine angesema pole, au angesema asante kwa kutafuta. Yeye alisema sasa tunajua. Nilikwenda nyumbani na aibu yangu nikailala nayo. Lakini tangu siku ile nahesabu gozi mara tatu, na wauguzi niliowafundisha baadaye wanahesabu mara tatu, na wananilaani mimi kama nilivyomlaani yeye.

Jambo la pili lilikuwa kurudia. Ukipewa agizo, lazima ulirudie kama ulivyolisikia, kisha ukishalitimiza useme limetimia. "Leta dripu." "Naleta dripu." "Dripu imefika." Hospitalini tulizoea. Tatizo ni kwamba hakujua kuliacha hospitalini. Alikwenda nalo sokoni. Alimwambia Mama Consolata, jirani yangu aliyeuza maharage na ndizi, ampimie maharage kilo mbili yasiyo na mawe, kisha akasimama anasubiri. Mama Consolata naye akasimama anasubiri pesa. Wakatazamana. Nilikuwa palepale, nikaona aibu kwa niaba ya hospitali nzima. Ikabidi nimweleze jirani yangu kwamba Daktari anataka ayarudie maneno yake. Mama Consolata alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavuka akiwa mgongoni mwa mama yake, na hakuna kitu alichokiogopa hapa duniani. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba anamsikitikia Dakitari, maskini, kumbe hao wazungu walimharibu sikio kweli.

Daktari alicheka siku ile. Ni mara chache nilimwona akicheka, na kila mara ilikuwa ni yeye mwenyewe anayechekwa.

Halafu kulikuwa na kitanda. Huko Urusi, alisema, walimlaza siku arobaini bila kunyanyuka, kichwa kikiwa chini kuliko miguu, ili waone damu inafanyaje. Alikula akiwa amelala, alioga akiwa amelala, na mengine yote pia. Kwa sababu hiyo aliamua kwamba hakuna muuguzi atakayehudumia wagonjwa wa kitandani kabla ya kulala kitandani yeye mwenyewe kutwa nzima. Si kulala kwa kupumzika. Unavua sare, unavaa shuka la hospitali, unalazwa wadini kati ya wagonjwa, unaletewa bedpani ya kujisaidia na mwenzako, huruhusiwi kuteremsha mguu.

Tulimwandikia barua ya malalamiko. Aliisoma, akasahihisha tarehe, akairudisha.

Nilipolala zamu yangu, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne na watoto watatu. Hadi saa nne nilikuwa nimekasirika. Hadi saa sita nilikuwa nimekwisha kuona kwamba dari ina madoa ishirini na sita, na kwamba dirisha lililo nyuma ya kichwa ni adhabu, kwa sababu unasikia watu wakipita na huwaoni. Saa nane niliomba maji, na yule niliyemwomba akasema anakuja, akasahau. Ni rafiki yangu sana, na bado sijamsamehe vizuri. Kesho yake nilivigeuza vitanda vyote vya wadi ya wanawake vitazame dirisha. Daktari alipita, akaona, hakusema neno. Na hilo nalo liliniudhi, maana mtu akifanya jambo jema anapenda lionwe.

Alikuwa mkweli kwa namna ya kuumiza. Kiongozi mmoja alikuja wilayani, nitamwita hivyo tu, na kwenye mkutano akamtambulisha Daktari kama mwana wa nchi hii aliyefika mwezini. Watu wakapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Tulikuwa tumeomba saruji ya kujenga wadi ya wazazi, na kiongozi huyo alikuwa ameshaahidi. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikaona Daktari anainuka, nikamwomba Mungu amkalishe. Hakumkalisha. Daktari alishika kipaza sauti akasema, "Ndugu kiongozi amekosea. Sikwenda. Nilipimwa, sikufaulu." Akaketi.

Saruji ilikwenda wilaya nyingine. Nilimfuata baada ya mkutano nikamwambia kwamba wanawake watajifungulia kwenye korido mwaka mwingine kwa sababu ya sikio lake. Akasema kama angekubali uongo mmoja uliompendeza, asingekuwa na haki ya kudai gozi ya kumi na mbili. Mtu anayejibu hivyo utamfanya nini? Nilimwacha amesimama hapo.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba aliwatetea waliomtoa. Sisi tulikuwa tayari kuwachukia kwa niaba yake. Mtu wa nusu kaputi alisema ni ubaguzi, mume wangu akasema ni siasa. Daktari akasema hapana, sikio lilikuwa na kasoro, na kule juu kasoro ya mtu mmoja ni kifo cha watatu. Angekuwa yeye ndiye aliyeshika karatasi, alisema, angejitoa mwenyewe.

Ndipo wakaja watu wa Burundi. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za wakimbizi kutoka kwa kina Mama Consolata, lakini kusikia si kuona. Walivuka kwa maelfu, wakiwa na magodoro na watoto na mbuzi, wengine na majeraha ya panga yaliyokwisha kuoza. Baadaye kambi zilifunguliwa, Mtendeli na nyingine, mashirika yakaja na mahema na magari. Lakini mwanzoni ilikuwa ni sisi. Tulifanya upasuaji hadi miguu yetu ikavimba. Zile orodha tulizozichukia ndizo zilizotushika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kichwa tena. Nilisoma "mikasi mitano" kwa sauti iliyokauka na mwenzangu akajibu "tayari", na nikaelewa kwa nini karatasi isiyochoka ni kitu cha kumshukuru Mungu.

Na katikati ya hayo, wagonjwa wakiwa bado wawili kitanda kimoja, Daktari akaacha kazi.

Hakuaga. Aliandika barua Jumatatu, akakabidhi funguo Ijumaa, na baada ya mwezi tukasikia amekodi ghala karibu na soko, ananunua asali. Asali. Nilidhani ni utani. Nikaenda kuona kwa macho yangu, nikamkuta amevaa koti lake lilelile jeupe, amechovya kipimajoto kwenye debe.

Hospitalini walisema Daktari kafuata nyuki. Mimi nilisema maneno mabaya zaidi, na sitayarudia. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nikimwona barabarani navuka upande wa pili. Yeye alikuwa akisimama na kunisalimia kwa Kiha, "mwidiwe," kwa matamshi yake mabovu, na mimi najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Habari zake nilizipata kwa mume wangu, aliyependa kupita ghalani. Warina asali wa huku walikuwa wamezoea kuleta asali na kila kilichomo: nta, moshi, majivu, watoto wa nyuki. Daktari alikataa. Alitaka asali iliyokomaa, iliyochujwa, isiyo na maji, na kila debe liwe na jina la mwenyewe na la msitu ilikotoka. Mzee Ruhaza, aliyekuwa na mizinga tangu enzi za baba yake, alilibeba debe lake kurudi nalo nyumbani mara mbili akilalamika njia nzima kwamba siku hizi asali imekuwa mgonjwa, inapimwa homa. Mara ya tatu ikakubaliwa. Baada ya misimu miwili ni Mzee Ruhaza aliyesimama mlangoni pa ghala akiwafukuza wenzake kwa sababu ya debe chafu, na alikuwa mkali kuliko Daktari. Asali ya Kibondo ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa mapipa. Mume wangu alisema Daktari ni mfanyabiashara hodari. Nilimwambia asinitajie.

Kwa asali hiyo alijenga shule ya sekondari, upande wa Kasulu, kwenye mlima wenye upepo ambao mtu yeyote wa huku angemwambia si mahali pa kuezeka bati. Upepo uliliezua bati mara moja, akaezeka upya na orodha mpya. Walimu wengi walitoka mikoa mingine. Mwalimu mmoja wa hesabu kutoka pwani alikimbia baada ya muhula mmoja, akasema kwamba amezoea wakuu wa shule wakali, lakini huyu anamtaka arudie swali kabla ya kulijibu.

Ningeendelea kuvuka barabara hadi kufa kwangu kama si Consolata.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa jirani yangu, msichana mrefu, kimya, aliyemaliza darasa la saba akafaulu, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akilima kwa sababu hapakuwa na mahali pa kwenda. Shule ya Daktari ilipofungua milango, mama yake alimtuma. Akarudishwa. Nyumba yao ilikuwa imeungua na vyeti vyote, na shule aliyosoma ilisema daftari la matokeo limeliwa na mchwa. Sharti la Daktari lilikuwa moja: hakuna cheti, hakuna nafasi.

Mama Consolata alikuja kwangu. Hakulia, alikaa tu kwenye kigoda changu akichambua maharage yangu bila kuombwa. Alisema watu wake wamekuwa wakiulizwa karatasi tangu yeye akiwa mgongoni, na alidhani mtu aliyerudishwa mlangoni atamwelewa mwingine.

Jumamosi Daktari alikuwa akija Kibondo kupokea asali. Nilikwenda ghalani nikiwa na sare yangu. Mzee Ruhaza alitaka kunizuia, akaniangalia usoni, akapisha.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba mtoto yule ana akili na kila mtu mtaani anajua. Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe alitolewa kwa kitu kidogo kama ukucha, na sasa amekaa mlimani anatoa wengine kwa kitu kidogo kuliko hicho. Akaanza kunieleza kuhusu viwango, na hapo nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Usinifundishe viwango. Wewe uliwaacha wagonjwa sakafuni ukaenda kupima asali."

Mzee Ruhaza alitoka nje. Daktari aliweka chini kipimajoto, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, kiganja chini, kama mtu anayepimwa.

Ulikuwa unatetemeka. Si sana. Ungeweza kukaa naye chakula ukadhani ni uchovu. Lakini mimi nilikuwa nimeutazama mkono ule miaka mitano chini ya taa, na niliujua kuliko mkono wa mume wangu.

Alinieleza kwa namna yake, kama cheti. Kila Jumatatu kabla hatujafika kazini alikuwa akijipima: kutunga uzi kwenye sindano ndogo kabisa, mara kumi. Jumatatu moja alikosa mara mbili. Iliyofuata mara tatu. Ya tatu alikosa mara tano, na siku hiyohiyo aliandika barua.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungeniomba nibaki."

Ilikuwa kweli. Ningemwomba abaki. Ningemwambia wagonjwa wako sakafuni, mkono unaotetemeka ni bora kuliko kukosa mkono. Na yeye, kwa jinsi alivyokuwa amechoka, pengine angekubali.

Nilihuzunika, lakini nisidanganye, nilikasirika pia, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Zaidi ya mwaka nilikuwa nimemnyima salamu mtu mgonjwa, na aliniacha nifanye hivyo kwa sababu hakuona umuhimu wa kuniambia sentensi moja. Nilimwambia hivyo. Alisema hakujua kwamba salamu yangu ilitegemea maelezo. Nikamwambia ni daktari msomi na mjinga mkubwa. Hilo hakulipinga.

Kisha tukarudi kwa Consolata, maana sikuwa nimemaliza. Nilidhani baada ya mambo hayo atalegea amchukue tu. Hakulegea. Alisema akimchukua kwa ajili yangu, wale watoto wasio na jirani muuguzi watachukuliwa na nani? Aliutazama mkono wake. Halafu akasema atatunga mtihani. Yeyote asiye na cheti, kwa moto au mchwa au vita, aje aufanye. Na msimamizi wa mtihani, akasema, ni wewe Sista, kwa sababu wewe hutaogopa kumwangusha mtu.

Nilikuwa nimekuja kuomba nafasi moja, nikaondoka na kazi isiyo na malipo. Ndivyo alivyokuwa. Ukimletea tatizo moja anakurudishia shughuli kumi, na shughuli zote ni zako.

Walikuja watoto thelathini na wanane, wengine kwa miguu kutoka mbali, wengine wakiwa na wazazi walioniita "mwalimu" hadi nikachoka kuwasahihisha. Nilisimamia mtihani kwenye ghala, kati ya madebe, nyuki wakiingia na kutoka. Kumi na wanne walifaulu. Consolata hakuwa miongoni mwao. Miaka miwili ya jembe ilikuwa imemfutia Kiingereza chote na hesabu nusu.

Mimi ndiye niliyempelekea mama yake habari hiyo. Alisikiliza, akauliza kama karatasi ilisahihishwa kwa haki. Nikasema mimi mwenyewe nilirudia kuhesabu alama mara tatu. Akatikisa kichwa, akasema basi.

Jumamosi iliyofuata Daktari alisimama mbele ya meza yake ya maharage, akamwambia kwamba binti aje ghalani kila Jumamosi na daftari. Mama Consolata aliweka chini kipimo chake cha maharage. Kisha akasema polepole: binti aje ghalani kila Jumamosi na daftari.

Alimfundisha mwaka mzima, kati ya debe na debe. Sijui mtu mwenye subira ndogo kama yeye aliitoa wapi subira ile. Nilipita mara moja nikamsikia akimweleza hesabu za sehemu kwa mara ya sita, kwa sauti ileile, bila kuguna. Na kwangu hakuwahi kurudia jambo mara mbili bila kunikodolea macho. Mwaka uliofuata Consolata alifanya mtihani uleule mgumu, akawa wa pili. Akapanda mlimani na sanduku la bati, nami nilimsindikiza hadi stendi, nikamwonya kuhusu orodha.

Mara ya mwisho kukaa na Daktari kwa muda mrefu ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Aliletwa hospitalini kutoka ghalani akiwa na nimonia, midomo imekuwa rangi ya kijivu. Mimi nilikuwa msimamizi wa wadi wakati huo. Alilala siku kumi na moja, akatoka kwa miguu yake, na aliishi. Shule yake ipo, na inaendelea kutoa watoto wanaonisumbua hospitalini kwa maswali. Nasema hayo mapema ili usiwe na wasiwasi nami niweze kueleza asubuhi moja tu, ya siku ya tatu.

Hakuna mgonjwa mbaya kuliko daktari, na hakuna daktari mgonjwa mbaya kuliko yule. Siku ya kwanza alitaka kuona chati yake. Siku ya pili alibishana na kijana mpya wa maabara hadi kijana akaomba kubadilishwa zamu. Siku ya tatu alitaka kuondoka. Kidato cha nne, na Consolata akiwemo, walikuwa wanaanza mtihani wa taifa Jumatatu, na alikuwa amewaahidi kwamba atakuwa mlangoni wakiingia. Alikuwa ameandika sababu za kuruhusiwa, nane, kwa mwandiko uliopanda na kushuka kama njia ya Kasulu. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama. Nyingine zilikuwa za maana.

Nikavuta pumzi, nikajiandaa. Nilikuwa na hoja zangu. Homa haijashuka. Barabara imekatika mara mbili na gari litachukua kutwa. Watoto wamefundishwa kufanya mtihani, hawakufundishwa kumtazama yeye. Nilikuwa na hoja nyingine mbili kali zaidi nilizoziweka akiba, moja ikihusu upumbavu wake kwa ujumla. Nilijua itachukua nusu saa, na kwamba mwishoni tutakuwa tumenuniana.

"Hapana, Daktari," nikaanza. "Huendi."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na maji ya homa. Akaikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka chini ya mto.

"Sawa, Sista," akasema, akageuka ukutani.

Nilisimama pale na hoja zangu zote. Miaka mingi nimemwomba Mungu siku moja tu mtu yule akubali neno langu bila kubisha, na siku ilipofika sikujua niiweke wapi. Nilimfunika shuka. Nikatoka kwenda chumba cha wauguzi, nikamwambia rafiki yangu, yule aliyewahi kunisahaulia maji, aende kitanda cha Daktari mara moja, amwangalie pumzi na mapigo, na asimwache.

Akaniuliza kama hali imebadilika.

Nikamwambia amekubali.

Hakuuliza tena. Alichukua kipimo cha mapigo mezani, akaenda akikimbia.